Mkate kwanza, kahawa baadaye: namna ya kuizunguka Seongsu, mtaa wa mikahawa wa Seoul

Seongsu-dong ipo mashariki mwa Seoul, kaskazini mwa Mto Han. Kabla haijawa mahali pa kupigia picha vikombe, ulikuwa mtaa wa jasho: viwanda vya viatu vya ngozi, matbaa, gereji na maghala. Viwanda vilipopungua, wenye mikahawa waliingia humo humo, wakafagia vumbi, wakaacha matofali mekundu na zege lililobanduka kama walivyolikuta. Mkahawa wa Daelim Changgo unabeba historia hiyo hadi kwenye jina: "changgo" ni ghala, na kabla ya hapo palikuwa kinu cha mpunga. Mkahawa wa Onion, wenye bekari yake, ulifungua milango mwaka 2016 ndani ya jengo la miaka ya 1970. Mei 2019 Blue Bottle, kampuni ya kahawa ya Marekani, ilipofungua duka lake la kwanza Korea, haikwenda Gangnam kwa matajiri, ilikuja hapa. Mafundi viatu bado wapo, na malori ya mizigo bado yanapenya vichochoroni, kwa hiyo usitembee katikati ya njia macho yakiwa kwenye simu.

Mgeni akifika, mara nyingi hukosea jambo moja: huanza na kahawa. Hukaa saa nzima na kikombe, halafu akifika kwenye bekari anakuta sinia tupu na kibandiko kilichoandikwa 품절, "pumjeol", yaani kimekwisha. Kahawa ya saa tano asubuhi na ya saa kumi jioni ni ile ile. Mkate sivyo. Ratiba ya siku nzima ipange kwa kufuata tanuri, kahawa itakusubiri.

Siku na saa

Nenda Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu baadhi ya maduka hufungwa, na Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi magharibi ni msongamano mtupu, hasa kwenye barabara ya Yeonmujang-gil ambako makampuni ya nguo na vipodozi hufungua vibanda vya muda kila wiki na kuvuta foleni zao zinazochanganyika na foleni za mkate. Bekari nyingi hufungua kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, mikahawa ya kahawa tupu saa nne au saa tano, na wengi hufunga saa tatu au saa nne usiku. Oda ya mwisho hupokelewa nusu saa hivi kabla ya kufunga.

Mlangoni saa zitaandikwa 11:00, 21:00 na kadhalika. Hapa kuna bahati ndogo kwa msomaji wa Kiswahili: Seoul iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa sita kamili. Usiporekebisha saa yako ya mkononi, Seoul ikiwa 11:00 mshale wako utaonyesha 5, na hiyo ndiyo saa tano ya asubuhi ya pale pale ulipo.

Kitu cha kutafuta kwenye kioo cha bekari au kwenye ukurasa wake ni maneno 빵 나오는 시간, "ppang naoneun sigan", muda wa mkate kutoka tanurini. Chini yake huwa na orodha ya aina za mikate na saa zake. Fika dakika kumi kabla ya saa iliyoandikwa. Ukifika dakika arobaini baadaye utakuta mkate, lakini si ule.

Vya kuandaa kabla ya kutoka

Ramani. Ile ya Google haitoi maelekezo ya kuaminika ya kutembea kwa miguu Korea, kwa sababu nchi hiyo kwa miaka mingi imezuia data zake za ramani zisipelekwe nje. Pakua Naver Map au KakaoMap, zote zina Kiingereza. Jina la mkahawa litafute kwa maandishi ya Kikorea ukiweza kulinakili mahali, maana tahajia ya Kilatini huandikwa kila mtu na yake.

Anwani zenyewe zina hesabu inayosaidia hata simu ikizima. Namba ya jengo ukiizidisha kwa 10 unapata takriban mita kutoka mwanzo wa barabara, namba witiri zikiwa kushoto na shufwa kulia. Onion iko Achasan-ro 9-gil namba 8: ingia kichochoro hicho, tembea mita 80, tazama kulia. Daelim Changgo iko Seongsui-ro 78, yaani mita 780 hivi kutoka barabara hiyo inapoanzia.

Ghorofa nazo huchanganya. Kwetu ghorofa ya kwanza ni ya kupanda ngazi. Korea 1층 ni chini kabisa, usawa wa barabara, na 2층 ndiyo tunayoiita ya kwanza. Ukiona 지하 au B1, shuka. Mikahawa mingi mizuri imejificha chini au juu ya karakana ambayo kwa nje haionyeshi dalili yoyote ya kahawa.

Fedha. Beba kadi halisi ya Visa au Mastercard yenye chipu. Kadi pepe, kama ile ya Visa inayopatikana kwenye M-Pesa, inafaa kwa malipo ya mtandaoni, lakini mashine ya kaunta inataka kitu cha kuchomeka. Mashine nyingi hazisomi kadi za kigeni kwa kugusisha tu, kwa hiyo chomeka chipu na uiache hadi ilie. Ukiulizwa kulipa kwa won au kwa sarafu yako, chagua won, kwani ukichagua sarafu yako unakatwa kiwango kibaya. Baadhi ya maduka hayapokei fedha taslimu kabisa, ila usiache noti zote hotelini: kadi ya usafiri ya T-money, inayouzwa kwenye maduka madogo ya saa 24, huongezwa salio kwa noti. Nauli ya msingi ya treni ni won 1,550 tangu Juni 2025, na lazima uguse kadi unapoingia na unapotoka.

Chaji. Umeme ni volti 220 na tundu ni la pini mbili za mviringo. Plagi ya pini tatu za mraba ya Kenya na Tanzania haiingii. Adapta inunuliwe kabla.

Njia ya kufuata

Panda treni ya njia namba 2, ile ya kijani, ushuke kituo cha Seongsu. Njia hii inazunguka jiji kama pete, na baadhi ya treni zake huishia Seongsu, kwa hiyo usishangae abiria wote wakishuka pamoja nawe.

Tokea mlango namba 2, uanze na Onion, ambayo ni miongoni mwa zinazofungua mapema. Wengi huendea pandoro, mkate mrefu wa asili ya Italia uliofunikwa lundo la sukari ya unga hadi ukafanana na kilele cha Kilimanjaro zamani za theluji nyingi. Una adabu zake. Usivae nyeusi. Usivute pumzi kwa mdomo wakati kipande kiko karibu, sukari ile itakupalia na utakohoa mbele za watu. Kata kutoka juu kwenda chini kwa kisu, usibonyeze kwa uma, maana ukibonyeza lundo lote huporomokea mezani. Mmoja unatosha watu wawili, hata watatu wasiopenda sana utamu.

Kisha vuka chini ya reli, ambayo hapa hupita juu kwenye nguzo, uelekee kusini hadi Yeonmujang-gil kwa ajili ya mkate wa chumvi, "sogeumppang". Huu ndio wa kutegea saa. Asili yake ni Japani, lakini Seoul imeufanya wake. Fundi huusokota unga uliokandwa kama mwezi mwandamo kuzunguka kipande kinene cha siagi. Ndani ya tanuri siagi inayeyuka, inaacha tundu katikati, na inayovuja chini inaukaanga mkate kwenye sinia lake lenyewe. Kwa hiyo mkate mmoja una vitu vitatu: mgongo laini wenye punje za chumvi, tumbo tupu lenye unyevu wa siagi, na kitako kikavu kinachovunjika kama kashata. Ugeuze uutazame: kitako kikiwa cha rangi ya dhahabu iliyokolea na kinang'aa, umepata mzuri. Kikiwa cheupe, siagi ilikuwa haba au tanuri halikuwa na moto wa kutosha chini.

Uule ndani ya nusu saa. Kinachouharibu ni mfuko: ukiufunga ungali moto, mvuke unarudi kwenye ngozi na kitako kinalegea. Acha mdomo wa mfuko wazi, hata kama mkono utanuka siagi. Duka la Jayeondo Sogeumppang, ambalo ndilo lenye foleni ndefu, huuza mfuko wa mikate minne, huuziwi mmoja mmoja, basi nenda na wenzako au na njaa. Foleni yake inatisha kwa macho ila inakwenda haraka, kwa sababu hakuna cha kuchagua.

Kutoka hapo pita Daelim Changgo, angalau uone dari, kisha elekea magharibi kwa miguu. Eneo lote ni tambarare. Kituo cha Ttukseom kipo umbali wa kituo kimoja, na Blue Bottle iko karibu na mlango wake namba 1. Mbele zaidi ni Seoul Forest, bustani kubwa iliyofunguliwa 2005, na vichochoro vya nyumba za kuishi vilivyogeuzwa mikahawa midogo. Hapa ndipo pa kukaa na kahawa: kelele ni chache na wachujaji kahawa ni wa dhati. Faida nyingine ya kumalizia magharibi ni ya kurudi. Mlango namba 3 wa kituo cha Seongsu hufurika jioni hadi foleni ya kuingia inafika barabarani. Wewe utapandia Ttukseom, au kituo cha Seoul Forest cha njia ya Suin-Bundang, bila kusukumana.

Ndani ya duka

Tafuta kiti kwanza, ndipo uagize. Kwetu ungeonekana mjuvi, kule ndiyo kanuni, na mara nyingi imeandikwa kaunta. Weka koti au mfuko juu ya kiti, hakuna atakayeugusa. Ukilipa kwanza halafu ukakosa pa kukaa, hurudishiwi.

Kwenye bekari ya kujihudumia, chukua sinia, tandika karatasi iliyo kando, kisha koleo. Mkate ukishaugusa ni wako, usiurudishe. Kaunta wataangalia sinia na kuuliza mambo mawili: "jalladeurilkkayo?" ni je, tukukatie, "dewodeurilkkayo?" ni je, tukupashie. Kubali kukatiwa mikate mikubwa, maana kisu cha mezani hakina makali. Kukubali kupashiwa kuna sharti: wakitumia oveni, sawa, wakitumia mikrowevu, kataa, kwani dakika tano baadaye mkate utatafunika kama mpira.

Swali la tatu ni muhimu zaidi: hapa au kuchukua? Kikorea ni 매장, "maejang", kwa kukaa ndani, na 포장, "pojang", kwa kubeba. Usijibu ovyo. Sheria inakataza kikombe cha plastiki cha kutupa kwa mteja anayekaa ndani, hivyo ukisema pojang halafu ukakaa, mhudumu atakufuata. Ukitaka kukaa kwanza na kuondoka na kilichobaki, waombe wakuhamishie mwishoni.

Panapokuwa na skrini ya kuagizia, bonyeza kwanza kitufe cha lugha kilicho pembeni juu. Chagua kinywaji, moto au barafu, hapa au kuchukua, halafu utafika kwenye ukurasa unaowakwamisha wageni: unaomba namba ya simu. Hawakuhitaji wewe, ni pointi za wateja, 적립. Tafuta kitufe kilichoandikwa 건너뛰기 au 안 함, ruka, ulipe. Ukiombwa saini, chora mstari wowote kwa kidole.

Namba ya simu ni tatizo la kweli sehemu moja tu, kwenye mashine za foleni zilizo mlangoni. Huomba namba ya Korea inayoanza na 010 ili zikutumie ujumbe zamu yako ikifika, na laini ya data ya watalii mara nyingi haina namba. Programu ya Catch Table ina toleo la wageni linalosaidia kwenye baadhi ya maduka. Kwingine mwonyeshe mhudumu simu yako, atakuandika kwa mkono au atakuambia usimame hapo hapo.

Ukishalipa utapewa kidude cha mviringo. Kikitetema na kuwaka taa, nenda kachukue mwenyewe. Ukimaliza, rudisha sinia panapoandikwa 반납, "bannap": barafu na kimiminika kwenye ndoo yake, karatasi kwake, kikombe kwake. Maji, sukari ya maji na tishu viko kwenye meza ya kujihudumia. Bakshishi haitolewi, na bei ya orodha tayari ina kodi. Soma risiti, maana namba ya siri ya mlango wa choo na ya Wi-Fi mara nyingi zimo humo.

Kuna kanuni mbili zaidi za mlangoni. Moja ni 1인 1메뉴, kila mtu aagize chake. Sahani moja kwa watu wanne haikubaliki, na usione ni uchoyo, kodi ya pango hapa imepanda sana. Nyingine ni 노키즈존, watoto hawaruhusiwi. Mwenye familia aangalie maandishi hayo kabla hajasimama foleni nusu saa na mtoto mgongoni.

Kuhusu ladha

Neno la Kikorea la mkate, "ppang", lilipitia kwa Wajapani likitoka kwa Wareno, jamaa wale wale waliotuachia maneno meza na bendera. Huenda ndiyo sababu mkate wao hauna haya ya kujaribu kila kitu. Kinachowashtua zaidi Waafrika Mashariki ni utamu mahali usipoutarajia. Mkate wa vitunguu saumu una sukari, na mara nyingine una jibini laini ndani. Ule wenye kitu cheusi katikati unaodhani ni chokoleti ni maharage mekundu yaliyosagwa na sukari, 팥, "pat". Wapo wanaoyapenda siku ya kwanza. Wengi huhitaji jaribio la pili. Salama zaidi kwa kuanzia ni 고구마, "goguma", ambacho ni kiazi kitamu, na 흑임자, ufuta mweusi, ambao mla kashata za ufuta ataufahamu mara moja. "Injeolmi" ni keki ya mchele wa kunata iliyopakwa unga wa soya uliokaangwa. Kula taratibu, unapalia kuliko ile sukari ya pandoro.

Kwa Muislamu, mikate yenye soseji na nyama nyekundu nyembamba chukulia ni nguruwe hadi uhakikishiwe. Uliza "dwaejigogi deureogayo?", kuna nguruwe ndani? Kwa pombe, inayoingia kwenye keki za zabibu kavu na baadhi ya krimu: "sul deureogayo?" Jelatini, 젤라틴, iko kwenye keki za krimu nyepesi na pipi laini, na mhudumu mara nyingi hajui imetokana na nini. Mkate wa chumvi, mkate wa kiazi na keki kavu za siagi hupunguza maswali. Mwenye mzio wa karanga akariri neno moja, "ttangkong".

Kinywaji cha taifa ni Americano ya barafu, wanaifupisha "a-a" na wanainywa hata theluji ikianguka. Haina sukari. Aliyezoea chai ya maziwa aombe "milkeuti", lakini ajue mara nyingi huja baridi, na tangawizi haimo. Kitakachomfurahisha zaidi kipo kwenye orodha ya kahawa ya kuchuja kwa mkono: 케냐 ni Kenya, 탄자니아 ni Tanzania, 르완다 ni Rwanda. Kahawa ya Kenya hapa huchomwa kidogo tu, ukali wake wa matunda unabaki wazi. Ladha hiyo wengi wetu hatujawahi kuipata nyumbani, ambako nzuri husafirishwa na tunabakiziwa unga wa kopo.

Hesabu

Americano ni won 4,500 hadi 6,500, vinywaji vya mapambo 6,000 hadi 8,000, kahawa ya mkono hufika 9,000. Mkate wa chumvi ni 3,000 hivi, mikate iliyojazwa vitu 4,000 hadi 8,000, kipande cha keki 7,000 hadi 9,500. Won 1,000 ni takriban shilingi 90 za Kenya, uangalie kiwango cha siku. Mtu mmoja, vituo vinne, aandae 35,000. Zaidi ya vituo vinne tumbo litagoma kabla ya pochi.

Kinywaji cha kubeba kimalize kabla ya kupanda basi: tangu 2018 dereva wa Seoul ana haki ya kukukatalia ukiwa na kikombe. Mapipa ya taka barabarani ni machache, hivyo kikombe kitupu utatembea nacho.

Mkate uliobaki usiuweke kwenye friji ya hoteli, unakauka haraka kuliko ukiachwa mezani. Wa chumvi ukiufunga vizuri unakaa kwenye sehemu ya kugandisha wiki mbili. Siku ya kuula, uache nje dakika ishirini, kisha uupashe dakika tatu hadi nne kwenye oveni au kikaangio cha hewa, nyuzi 170, kitako kikiangalia juu.